Rupia ya Mombasa ya 1888: niizibe kwenye slabu au niiweke kwenye kapsuli?

mkaazi_kibokoni

Assalam aleikum. Naomba ushauri wa watu wanaozijua sarafu na wanaoijua hewa ya Pwani.

Mkusanyo ni huu: rupia moja ya fedha ya kampuni ya Imperial British East Africa ya 1888; sarafu nane za shaba ziitwazo pesa, za kampuni hiyohiyo na mwaka huohuo; pesa mbili za Sultani Barghash za 1299 Hijria; reale mbili za Maria Theresa; shilingi kama ishirini za East Africa kuanzia 1921 mpaka 1946; seti ya Kenya ya 1966; na ile ya shilingi 40 ya 2003. Zote zimo kwenye albamu ya vifuko laini vya plastiki, na albamu imo ndani ya sanduku la mbao. Nyumba iko Mji wa Kale, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja.

Nataka kuamua kama nizitie zote kwenye makasha magumu yaliyozibwa. Na ikiwa ndivyo, ninunue kapsuli, yale ya kufunga mwenyewe, au rupia niipeleke PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, ikapimwe gredi (kiwango cha hali yake) na kuzibwa kwenye slabu hukohuko? Nimeambiwa kasha likishazibwa hewa haiingii tena, kwa hivyo sarafu haishiki kutu. Halafu baadhi ya pesa za shaba zina vidoa vya kijani. Sijui kama ni rangi ya kawaida ya shaba kuukuu.

fundi_mizani

Wa aleikum salaam. Nianze na hilo la hewa, maana ndilo linaloponza sarafu nyingi za Pwani.

Slabu ya PCGS au NGC ni vipande viwili vya plastiki ngumu vilivyounganishwa kwa mawimbi ya sauti. Inazuia vidole, inazuia kukwaruzana, inapunguza madhara sarafu ikianguka. Hewa haiizuii kabisa. Kapsuli za kubana kwa mkono huvuja zaidi. Unyevu wa Mombasa hukaa juu ya asilimia 70 muda mwingi wa mwaka, na wakati wa masika hupanda zaidi. Slabu ikikaa miezi kadhaa ndani ya hewa hiyo, sarafu iliyomo nayo inakuwa ndani ya hewa hiyohiyo.

Kuna la pili ambalo halisemwi sana: hewa unayoifungia ndani. Funga kapsuli sebuleni, nyuzi joto 30, unyevu asilimia 75. Hewa hiyo huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 25 hivi. Ipeleke kwenye chumba chenye AC ya nyuzi 22, utaona ukungu mwembamba upande wa ndani wa plastiki. Baada ya saa chache unapotea na mtu anadhani yamekwisha. Hayajakwisha, maana tone likikauka juu ya fedha linaacha doa la duara, na juu ya shaba yenye chumvi linawasha kutu.

Kwa hivyo kinacholinda sarafu hapa kwetu ni ukavu wa kasha la nje. Kapsuli kazi yake ni kuzuia mikwaruzo na vidole. Ukilishika hilo, mengine yanakuwa mepesi.

Tafuta kasha la chakula la polipropilini, lenye pembetatu na namba 5 chini yake, kifuniko cha mpira wa silikoni na vishikizo pande nne. Lita 5 zinakutosha. Tia gramu 100 za silika jeli, zile chembe zinazonywa unyevu na kubadili rangi zikilowa, ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, kwa sababu vumbi la silika hukwaruza fedha. Chukua silika ya rangi ya chungwa. Ile ya buluu ina kobalti, haifai kushikwashikwa. Weka na higromita (kipima unyevu) ndogo ya dijitali. Unatafuta asilimia 35 hadi 40.

Kabla ya kutia sarafu hata moja, lijaribu kasha likiwa tupu usiku kucha. Asubuhi higromita ikiwa bado juu ya 45, ama mpira wa kifuniko unavuja ama silika imeshalowa. Usiitegemee rangi pekee kujua silika imechoka. Ipime uzito. Gramu 100 zikifika 115, itoe, isambaze kwenye sinia, iweke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha ipooze ndani ya chupa iliyofungwa. Ukiiacha ipoe mezani itakuwa imeshaanza kunywa unyevu kabla hujairudisha.

Sarafu zenyewe: zipange kwenye kapsuli zilizo wazi ndani ya kasha hilo, funga, ziache saa 48. Halafu fungua kasha, bana kapsuli moja moja upesi, funga tena. Fanya kazi hiyo mchana wa Januari au Februari ukiweza, usiifanye mvua ikinyesha.

shaba_na_fedha

Naunga mkono, ila kuna jambo la leo hii: toa sarafu kwenye ile albamu. Vifuko laini vinavyonukia kama pazia jipya la bafu karibu vyote ni PVC, plastiki yenye klorini. Joto na unyevu hufanya PVC itoe vilainishi vyake na asidi kidogo ya hidrokloriki, nayo inakula shaba. Shilingi zako ndizo zimo hatarini kuliko unavyodhani. Shilingi za East Africa za 1921 mpaka 1946 ni fedha asilimia 25 tu, sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba.

Ukitaka uhakika kuhusu plastiki yoyote, chukua waya wa shaba, uuchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na rangi, ugusishe kwenye kipande kidogo cha plastiki hiyo, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini. Fanya nje, kwa kipande cha ukubwa wa ukucha, usivute moshi wake. Vifuko vya vitambulisho na vya picha vinavyouzwa madukani vingi hufeli jaribio hili. Vya polyester ngumu, vile vinavyolia ukivikunja, hufaulu.

Utandu wa PVC ni wa kijani na unanata. Unatoka kwa asetoni halisi. Usikubali kuuziwa thina, wala kiondoa rangi ya kucha, ambacho kina mafuta na manukato. Tumia bilauri mbili za kioo. Ya kwanza sarafu ikae dakika tano, ya pili uisuuze, kisha iache ikauke yenyewe juu ya karatasi nyeupe ya shashi. Usisugue. Dirisha wazi, na jiko lolote liwe limezimwa, kwa sababu mvuke wa asetoni unashika moto kutoka mbali.

Sasa vidoa vya kijani kwenye pesa za 1888. Kama ni utandu mgumu, laini kwa kidole, umeenea sawasawa na haubanduki, hiyo ni rangi ya umri. Usiiguse. Kama ni unga wa kijani kilichopauka, mwepesi, unaotoka kwa kijiti cha meno na chini yake kuna kishimo, huo ni ugonjwa wa shaba. Kloridi ya shaba iliyo ndani ya sarafu inakutana na maji na oksijeni, inatengeneza asidi, asidi inakula shaba safi na kuzalisha kloridi nyingine, na mzunguko unaendelea. Chumvi ya bahari ndiyo mwanzo wake. Kujaribu ni rahisi: ondoa unga wote kwa kijiti, iweke pesa juu ya karatasi nyeupe sebuleni siku mbili tatu. Hewa ya Mji wa Kale inatosha. Unga ukirudi, sarafu ni mgonjwa.

Pesa ya namna hiyo usiitie kwenye kasha lililozibwa mpaka imekauka kabisa, na hata hapo ichague ile unayoweza kuifungua ukaikagua. Iweke kwenye kasha lake peke yake. Ugonjwa hauruki kutoka sarafu hadi sarafu, lakini unga ukidondokea shaba nyingine unaipelekea kloridi. Ondoa unga, loweka kwenye maji yasiyo na madini, badilisha maji kila wiki, na endelea miezi. Maji ya betri ya petroli stesheni yanafaa, lakini soma chupa vizuri: iandikwe kwamba ni maji, si asidi. Halafu ikaushe na uiweke chini ya asilimia 40 maisha yake yote. Chini ya hapo ugonjwa unalala.

Mtandaoni utakutana na dawa ya sesikwikaboneti ya sodiamu, gramu 50 kwa lita ya maji. Kikemia ndiyo magadi, lakini magadi ya sokoni yana chumvi na floridi ndani yake, kwa hivyo unairudishia sarafu kilekile unachotaka kukitoa. Tena hata dawa safi inaweza kubadilisha rangi ya shaba. Mimi maji matupu ningeyatangulia.

Ndimu, ukwaju, majivu na dawa za kung'arisha madini viwekwe mbali. Pesa ya 1888 ikioshwa kwa ndimu inageuka ya waridi ndani ya dakika moja, na rangi ile ya hudhurungi hairudi.

Sanduku la mbao nalo litumikie kitu kingine. Mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi, na varnishi mpya ni mbaya zaidi. Mipira ya kufungia, magazeti na boksi za kahawia zina salfa, inayotia fedha weusi. Na chumba kinachofukizwa udi kila jioni kisiwe ndicho cha kufungulia sarafu; moshi huacha mafuta juu ya kila kitu.

bi_kidani

Mimi nijibu la kupeleka nje. Wenzangu wameeleza uhifadhi; slabu ya kampuni ni suala la soko.

Unapolipia PCGS au NGC unanunua vitu viwili: hakikisho kwamba sarafu ni ya kweli, na namba ya gredi kwenye kipimo cha 1 hadi 70. Mnunuzi wa Uingereza au Marekani ambaye hawezi kuishika rupia yako atalipa zaidi akiiona na namba. Kama hukusudii kuuza, hakikisho hilo halikufai sana, na sarafu inarudi ikiwa kwenye kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Jumlisha ada ya uanachama, ada ya sarafu, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Jumla ikizidi thuluthi ya bei unayotarajia, mimi huwa nasema usitume.

Kati ya vyote ulivyotaja, kinachostahili hata kufikiriwa ni rupia. Reale za Maria Theresa zote zimeandikwa 1780, na zimeendelea kugongwa hivyo hivyo karne mbili baadaye. Nyingi bei yake haiendi mbali na fedha iliyomo, gramu 28.07 za fedha ya asilimia 83.3. Seti ya 1966 na shilingi 40, kapsuli tu.

Sasa iangalie rupia kabla hujaota gredi. Ipime kwa sonara mwenye mizani ya sehemu ya mia ya gramu: ilitoka ikiwa na gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Iliyotumika sana itapungua kidogo, lakini ikikosa nusu gramu jiulize kwa nini. Tafuta ile H ndogo ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Kisha ukingo, na hapa ndipo sarafu za Pwani zinapoanguka. Rupia na reale nyingi zilivaliwa kwenye vidani na mikufu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, izungushe ukingo mzima chini ya taa ya pembeni. Unatafuta sehemu iliyo bapa, meno ya ukingo yaliyozibwa, au kidoa cha kijivu kilichopauka kinachong'aa tofauti na fedha yenyewe. Hicho ni mabaki ya kulehemu, mara nyingi juu kabisa au chini kabisa ya picha, mahali pete iliposhikizwa. Halafu inamisha uso wa sarafu: mistari myembamba inayokwenda upande mmoja ni ya kusuguliwa.

Ukikuta kimojawapo, kampuni hazitakupa namba. Zitaandika hali ya jumla na kosa lake, imesafishwa au imetolewa kwenye kidani, na umelipa ada ileile.

Na siku ukinunua sarafu iliyo tayari kwenye slabu, usiridhike na namba ya cheti kukubaliwa mtandaoni. Slabu bandia hunakili namba za kweli. Fungua picha ya cheti, linganisha mkwaruzo mmoja na kidoa kimoja.

wakala_kilindini

Kabla ya posta kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Rupia na pesa za 1888 ziligongwa Birmingham na Calcutta kwa ajili ya Mombasa na zikaja hapa zamani hizo, kwa hivyo zinaingia. Pesa za Barghash za 1299, yaani 1882, hali kadhalika. Kuzitoa nchini, hata kwa kupimwa gredi na kurudi, kunataka kibali. Anzia ofisi ya Makumbusho pale Fort Jesus, nenda na picha za pande zote mbili, uzito na kipenyo. Shilingi za 1921 haziguswi na kifungu hicho.

Kama sarafu ilinunuliwa mnadani ng'ambo na kuletwa juzi, risiti yake iambatane nayo daima. Na uzungumze na wakala wa forodha kabla ya kutuma, asajili kwamba inatoka kwa muda na itarejea, na picha ziwemo kwenye faili. Bila hivyo, ikirudi utaanza kueleza kwa nini usilipie ushuru kitu chako mwenyewe. Usiandike "zawadi" wala bei ya uongo kwenye fomu: bima italipa ulichoandika.

mkaazi_kibokoni

Shukrani sana nyote. Rupia ina gramu 11.58 kwa sonara, na ukingoni, juu ya taji, kuna sehemu bapa ya upana wa punje ya mchele, ya kijivu. Pesa tatu kati ya nane zimerudisha unga kwenye karatasi. Maswali mawili ya mwisho: shilingi ishirini nizitie kwenye vile vikadi vya karatasi vyenye dirisha, kuokoa gharama? Na zikikaa sanduku la benki ni bora kuliko nyumbani?

bi_kidani

Hiyo ya kijivu ni lehemu. Uzito ni mzuri na sarafu ni yako ya kuifurahia, lakini ada ya gredi usiitoe. Usijaribu kuichonga wala kuiyeyusha lehemu. Moto utaharibu rangi yote ya fedha. Kapsuli inayofunguka, basi.

fundi_mizani

Vikadi vinafaa bara kuliko hapa. Shida yake ni pini za stepla. Ni chuma, na kwa chumvi ya Mji wa Kale huota kutu, kutu inatambaa kwenye karatasi mpaka dirishani. Vile vya gundi navyo, joto linailainisha gundi na inasogea kuelekea sarafu. Ukilazimika kuvitumia, viwe vya dirisha la polyester, bapaza kila pini kwa koleo ili isikwaruze ya jirani, na viwe ndani ya kasha la silika. Mimi ningependelea vikasha vya mraba vya milimita 50 kwa 50, kama Quadrum za Lighthouse, vyenye povu la kushika sarafu katikati. Vinapangika vizuri, na sarafu ikiharibika unaifungua.

Pima kipenyo kwa kalipa ya dijitali, mara mbili, kwa pembe tofauti. Shilingi ni karibu milimita 27.8, reale karibu 40, pesa ya 1888 karibu 25. Chukua tundu linalozidi kwa nusu milimita hadi moja. Ukilazimisha sarafu kwenye tundu dogo unaumiza ukingo. Likiwa kubwa sana sarafu inacheza, na kila ukiinua kasha inajisugua kwenye plastiki.

Benki ni kwa ajili ya wizi. Kwa unyevu si salama zaidi, kwa sababu AC huzimwa usiku na wikendi, joto linapanda na kushuka, nawe huoni higromita. Ukipeleka, peleka kasha lilelile likiwa limeshakauka, silika mpya ndani, na ulifungue mara moja kila baada ya miezi mitatu kupima uzito wa mfuko. Zile pesa tatu zenye unga zibaki nyumbani, mahali unapoweza kuziona kila wiki.

shaba_na_fedha

Na hizo tatu zipige picha leo, kwa mwanga uleule na umbali uleule, kabla hujaziloweka. Ukilinganisha picha kila unapobadilisha maji utajua kama vishimo vinapanuka au vimesimama. Maji yakiwa hayabadiliki rangi na unga haujarudi baada ya siku tatu juu ya karatasi, zisuuze kwa asetoni kufukuza maji yaliyobaki kwenye vishimo, kisha zipe saa 48 kwenye silika kabla ya kapsuli.